Hatua Mbili za Ubao

Gatina, Kawangware
Jumapili, alasiri

Athieno mwanangu,

Umetoka kwenda Kibera kuwaaga majirani zetu wa zamani wa Kambi Muru na Sarang'ombe, na kwa ninavyowajua hawatakuachilia kabla hujala katika nyumba tatu. Kwa hiyo nina saa chache. Begi lako liko hapa kando ya kitanda, limefungwa kamba kwa sababu zipu imeshindwa, na juu yake umeweka ile barua ya kazi ndani ya karatasi ya plastiki. Nimeitoa nikaisoma tena. Inasema utaingia karakana ya ndege za jeshi, kule kwetu ng'ambo ya ziwa, usaidie kupunguza gharama za kutunza vioo vya mbele na vifuniko vya marubani.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuficha nauli, wala za kuchemsha maji. Mama yako angekuwa hai angeyasema hayo vizuri kuliko mimi, na wewe umeshatimiza miaka ishirini na mitatu. Nina jambo moja tu. Karakana hiyo naijua. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilipewa kazi hiyo hiyo, karibu kwa maneno hayo hayo. Niliifanya nikasifiwa, na mwisho wake mtu alikufa, na alipokwisha kufa nikamwachia jina baya ambalo halikuwa lake. Mke wake yuko hai. Anauza chai kwenye geti utakalopita keshokutwa asubuhi. Nataka uyasikie haya kwangu kabla hujaionja chai yake.

Kwa mazoea siandiki jina la nchi yetu kwenye karatasi. Utanisamehe, mkono umezoea.

Ndege zetu hazikuwa nyingi. Zilikuwa ndogo, nyingine za kufundishia na nyingine za vita, na rubani alikaa chini ya kuba la plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Sisi tuliita yote kioo, cha mbele na cha juu. Plastiki ile ni laini kuliko watu wanavyodhani. Vumbi la uwanja likiwa juu yake, ukaja na kitambaa kikavu ukapangusa kwa nia njema kabisa, umekwisha kuichora. Rubani haioni ile michoro asubuhi. Anaiona jioni, anapotua jua likiwa usoni, kila mstari unapowaka mbele ya macho yake kama uzi wa moto. Hapo ndipo alipokuja kwetu akitutukana, nasi tukakitoa kioo na kuagiza kingine Ulaya, na ndege ikakaa chini miezi ikisubiri.

Mimi nilikuwa kijana mwenye kupenda kusoma, na nilisoma kila kijitabu kilichokuja na ndege zile, hata zile kurasa za nyuma ambazo mafundi wengine walizitumia kuwashia moto. Nikapata njia. Maji kwanza, mengi, yamwagike yenyewe. Kisha mkono mtupu usio na pete, kwa sababu kiganja kinaihisi chembe ya mchanga na kitambaa hakiihisi. Petroli isikaribie hata harufu yake, maana plastiki huivumilia leo na baada ya wiki kadhaa ikatoka nyufa nyembamba kama nywele. Nilimshonesha fundi cherehani wa kambi mifuko ya pamba ya kuvisha ndege mchana, zisilale uchi kwenye jua na vumbi. Na mchoro ukitokea, usingoje. Ukucha ukipita juu yake bila kukwama, unafutika kwa msasa laini na maji, kisha msasa laini zaidi, kisha dawa ya kung'arishia na uvumilivu wa siku mbili.

Hayo yote ni kweli hadi leo. Unayajua, kwa sababu nilikufundisha juu ya vioo vya saa za mkononi na miwani za walinzi, kwenye kile kibanda chetu kilichokuwa kinavuja. Uliwahi kuniuliza nilijifunza wapi, nikasema Kisumu. Sikujifunza Kisumu.

Mwaka wa kwanza hatukutupa kioo hata kimoja. Kapteni wetu wa stoo, mtu mcheshi mwenye tumbo, alikuwa akija karakana kila Ijumaa, anapiga kioo kibovu kwa kidole kama daktari.

"Fundi, na huyu mgonjwa naye atapona?"

"Atapona, afande."

"Ukiniambia amekufa nitaandika barua ya kuagiza mwingine, na ndege itakaa hapa njiwa watage mayai kwenye kiti cha rubani."

"Hajafa, afande. Nipe siku tatu."

"Mmeona?" anawageukia wengine. "Huyu anafufua. Ninyi mnajua kuzika tu."

Huwezi kujua jinsi maneno kama hayo yanavyomwingia mtu aliyekulia kwenye nyumba ya nyasi. Nilianza kuviogopa vioo vibovu, si kwa sababu ni vibovu, bali kwa sababu siku moja ningelazimika kusema mbele ya wenzangu kwamba hiki kimenishinda.

Sasa nikuambie habari ya ubao. Kila kioo tulichokwisha kung'arisha tulikijaribu kwa ubao mweupe mrefu kuliko mtu, wenye mistari myeusi ya wima na ya ulalo, kama daftari la hesabu. Ubao ulisimama mbele ya ndege, mbali, juu ya alama ya rangi nyeupe iliyopakwa sakafuni. Wewe ukakaa kwenye kiti cha rubani ukautazama kupitia kioo. Mistari ikinyooka, kioo ni kizima. Ikipinda, umekwangua mno mahali pamoja, kioo kimekuwa chembamba pale, nacho kinamdanganya rubani kuhusu mahali vitu vilipo. Ukiutenga ubao mbali, upindaji unaonekana. Ukiusogeza karibu, unajificha. Unakijua kipimo hiki vizuri kuliko mimi.

Siku ya kwanza sikuusogeza kwa hila. Palikuwa na rukwama ya mitungi ya hewa iliyovunjika gurudumu, imekaa juu ya ile alama, na jioni ilikuwa inaingia. Nikauvuta ubao hatua mbili upande wa ndege, nikapanda, nikatazama. Kioo hicho nilikuwa nimekifanyia kazi siku nne na moyoni nilijua kimechoka. Mistari ilinyooka. Nilifurahi kama mtu aliyesamehewa. Asubuhi yake rukwama iliondolewa na ubao ukabaki pale pale. Nilipita mbele yake mara nyingi siku ile, na kila mara nilikuwa na jambo jingine la haraka.

Baada ya mwezi, alama ya zamani ilikuwa imefifia kwa kukanyagwa. Nikachukua brashi nikapaka alama mpya. Niliipaka chini ya ubao, mahali ulipokuwa umesimama. Nimeyafikiria sana mambo haya, Athieno, na sioni kosa langu kwenye rukwama. Liko kwenye ile brashi. Nilikuwa nimepiga magoti, nikaipaka kwa uangalifu, kingo zake zimenyooka, na nikasubiri ikauke ili mtu asije akaikanyaga.

Palikuwa na rubani aliyeitwa Ochwo. Alitoka kilima kimoja na mimi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kanisa letu, na Ochwo hakuwa ameonja pombe tangu azaliwe. Wenzake walimtania kwa soda zake. Alikuwa ananipenda, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilimwazima vitabu. Jioni moja alishuka kwenye ndege akaja moja kwa moja hadi nilipokuwa.

"Fundi Kioo! Leo barabara yako ilikuwa inacheza ngoma."

"Barabara si yangu, Luteni. Mimi ni wa kioo."

"Basi kioo chako ndicho mpiga ngoma. Huku kushoto, chini. Uwanja unapanda kidogo, halafu unashuka."

"Punguza waragi, Luteni. Ukinywa maji, barabara itatulia."

Karakana nzima iliangua kicheko. Ilikuwa inachekesha kwa sababu kila mtu alijua. Ochwo mwenyewe alicheka hadi akashika bawa la ndege.

"Haya, nitaacha waragi," akasema. "Lakini wewe kitazame hicho kioo, ndugu yangu."

Nilikitazama. Niliuweka ubao kwenye alama, nikapanda, nikaona mistari imenyooka. Nikaijaza kadi ya kioo, nikatia saini.

Alikufa siku ya nne baada ya hapo, saa kumi na moja jioni, akitua jua likiwa mbele yake. Magurudumu yaligusa chini kabla ya kufika uwanjani, kwenye mtaro wa maji. Sitaandika zaidi ya hayo. Walipokwisha kumtoa, sisi mafundi tulitumwa kuokota vipande. Kimoja kilikuwa kikubwa kama kiganja, kutoka kushoto, chini. Sikukiweka kwenye gunia pamoja na vingine. Nilikitia kifuani, na usiku nilikipima kwa kifaa cha karakana cha kupimia unene. Pembeni kilikuwa kizima. Katikati kilikuwa kimelika kama sahani.

Maofisa watatu waliketi kutuhoji, na mwandishi pembeni yao. Nakumbuka kila neno.

"Saini hii kwenye kadi ni yako?"

"Ndiyo, afande."

"Mistari ilinyooka?"

"Ilinyooka, afande."

"Ubao ulikuwa kwenye alama yake?"

"Ulikuwa kwenye alama, afande."

Yule wa katikati akafunua ukurasa. "Kuna shahidi anasema ulimwambia marehemu apunguze waragi. Ulimwambia?"

Nilimtazama mwandishi. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, inangoja.

"Nilimwambia, afande."

Hakuniuliza kwa nini, nami sikusema. Mwandishi akaandika. Ukizichukua sentensi zangu za siku ile moja moja, hakuna hata moja ya uongo. Nilizipanga mwenyewe usiku uliotangulia, na kwa zile sentensi mtu ambaye hakuwahi kulewa akazikwa kama mlevi. Mkewe hakupewa anachopewa mjane wa askari, kwa sababu mumewe alisemwa kuwa ameivunja ndege ya serikali kwa ulevi wake.

Jina lake ni Nyafwono. Alinijia siku ya mazishi, amefunga mtoto mgongoni. Hakuwa analia wakati ule. Alinishika mkono wa shati.

"Fundi, wewe ulikuwa rafiki yake. Unajua hakuwa anakunywa."

"Najua."

"Basi waambie."

"Nitawaambia," nikasema.

Baada ya wiki mbili nilivuka mpaka.

Wakati ule watu wengi walikuwa wanaikimbia nchi yetu, na walikuwa na sababu. Wapo waliopoteza ndugu, wapo waliotoka na nguo moja. Mimi niliingia katikati yao kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni. Nilipofika Kibera, watu wa ziwa waliokuwa Sarang'ombe walinipokea, wakanipa pa kulala na bakuli la uji, wakasema, pole ndugu, tumesikia wanavyowafanya huko. Nikapokea pole yao. Nimeipokea kwa miaka ishirini na minne. Jina la Okoth, ambalo wewe umelibeba tangu darasa la kwanza, nililichukua barabarani. Lilikuwa la kawaida na halikumshtua mtu. Hapa mtaani wakaniita Mzee Miwani, hilo nalo likazidi kulifunika lile la kwanza.

Mama yako aliniuliza mara moja tu. Ulikuwa hujazaliwa bado. Tulikuwa tumekaa nje ya chumba chetu cha kwanza pale Kambi Muru, yeye anachambua sukuma wiki, akasema kwa ule upole wake wa Kimaragoli, "Siku moja tutaenda kwenu nikawasalimie wazee?" Nikamwambia wanajeshi watanikamata. Akaacha kuchambua, akanishika goti. Hakuuliza tena, na kila alipoona askari wa aina yoyote alisimama mbele yangu, mwili wake mdogo ule, kunikinga. Amekufa akinikinga. Katika yote niliyofanya, ni hili linaloniamsha.

Kuna jambo moja ambalo nadhani hujalisahau, ingawa hujawahi kulitaja. Ulikuwa na miaka saba. Ulikuta ule mkebe wangu wa biskuti chini ya kitanda, ukatoa kipande cha plastiki, ukatoka nacho nje. Nilikuwa natoka kuteka maji. Ulikuwa umesimama juu ya jiwe, umekiweka kipande jichoni, unatazama mapaa ya mabati yanavyoteremka hadi kwenye reli, unakigeuza huku na huku, unacheka.

"Baba! Njoo uone! Nyumba zinacheza ngoma!"

Nikakupiga kofi. Maji yalimwagika yote. Sijawahi kukupiga kabla wala baada, na mama yako alitoka mbio akitaka kujua umevunja nini. Nikamwambia kioo kingekukata jicho. Wewe hukulia. Ulinitazama tu, umeshika shavu, na kipande bado umekishika kwa mkono mwingine, ukanirudishia. Hukuwa umefanya kosa lolote, mwanangu. Ulisema maneno ya Ochwo kwa sauti ya mtoto, na mimi nilimpiga yeye ili anyamaze.

Nilitaka ukubwani ufanye kazi yoyote nyingine. Lakini ulikuwa na mikono yangu na macho bora kuliko yangu. Unakumbuka yule soja wa kampuni ya ulinzi aliyetuletea miwani ya plastiki iliyokwaruzwa, ukiwa na miaka kumi na moja? Niliing'arisha, nikaiweka mbele ya daftari lako la hesabu, nikasema iko sawa. Ukainyakua, ukaisogeza mbali na daftari urefu wa mkono mzima.

"Bado, Baba. Ukiiweka mbali mistari inapinda. Huyu soja atagonga ukuta usiku."

Yule kijana wa kuuza betri kibanda cha pili alicheka sana. "Mzee Miwani, huyu msichana wako ni noma! Anakukosoa mbele ya kastoma?"

"Si kumkosoa," ukamjibu. "Ni miwani ndiyo inadanganya."

Nilimrudishia yule mtu pesa yake na kumnunulia miwani nyingine kwa mkopo. Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya hasara. Nilikuwa nawaza kwamba, laiti ungekuwa karakanani siku ile ya rukwama, mtoto wa miaka kumi na moja mwenye daftari, Ochwo angekuwa mzee sasa, mwenye kunirudishia vitabu vyangu.

Kwa hiyo ulipomaliza kidato cha nne ukasema unataka kwenda chuo cha ufundi, sikukuzuia. Ulipopata kibarua kwenye ule uwanja mdogo wa ndege unaopakana na Kibera, ukawa unarudi na harufu niliyokuwa nimeisahau, nilikaa nje jioni ile hadi giza likaingia. Na mwezi uliopita barua hii ilipofika, ulikuja kibandani unakimbia: "Baba, nimepata! Na ni kwenu! Si sasa utaenda na mimi?" Nikasema nimezeeka, miguu. Ukanitazama vile ulivyonitazama ulipokuwa na miaka saba.

Wiki moja baadaye alisimama kibandani dereva wa lori, amevunja mkono wa miwani. Alinisikiliza kidogo nilipokuwa namhudumia, kisha akacheka.

"Mzee, Kiswahili chako kina harufu ya kambi. Wewe si wa huku."

"Mimi ni wa Kisumu."

"Na mimi ni askofu. Haya, endelea." Akaanza kunieleza barabara zake, akafika kwenye mji ule, nami nikauliza kama kambi ya ndege bado ipo. Akasema ipo, na chai nzuri kuliko zote njia ile inauzwa getini pale. "Mama fulani mzee. Mambo yake safi, vikombe vinang'aa. Wanamwita Mjane wa Mlevi."

"Na yeye anaitika?"

"Atafanyaje, mzee? Ndilo jina lake. Mtoto wake wa kiume alitaka kuingia jeshi, wakamwambia ukoo wa walevi haushiki usukani. Siku hizi ndiye anayeteka maji ya chai." Akavaa miwani, akautazama mtaa. "Umeitengeneza vizuri. Naona mpaka kesho."

Watu wa hapa hudhani nawaogopa wanajeshi. Wale wa wakati wangu wamekufa au wanachunga mbuzi. Aliyenizuia kurudi ni mama mmoja mwenye birika.

Keshokutwa mlinzi wa geti atakuuliza wewe ni mtoto wa nani, kwa sababu kwetu hawatosheki na vyeti. Wanataka kilima na babu. Ukisema Okoth wa Nairobi, utapita, na kila asubuhi utakunywa chai ya Nyafwono bila kujua unampa pesa kwa mkono wa mtoto wa nani. Ukisema jina langu la kweli, wapo wazee watakaolikumbuka. Sikuweza kukuacha ulijibu swali hilo gizani. Wala sitakuambia ujibu nini.

Lakini pia nimefanya jambo ambalo sikukuomba ruhusa. Juzi Ijumaa, ulipokuwa kazini ukiaga, nilikwenda posta. Nimemwandikia Nyafwono. Nimemwandikia habari ya rukwama, brashi, kicheko, na kile ambacho sikuulizwa. Nimesema Ochwo hakuwa na tone la pombe mwilini, kama siku aliyobatizwa, na kioo kilichomuua kilikuwa na saini yangu. Nimeweka jina langu, hili la Okoth ninalojificha nalo, na mahali ninapoishi, hadi rangi ya mlango. Anaweza kuichoma. Anaweza kuipeleka kwa wakubwa wa karakana ili mume wake asafishwe, na hiyo ni haki yake. Akifanya hivyo, huenda ukaipoteza kazi hii kabla hujauzoea mlango wa karakana. Nilijua hivyo nilipokuwa nimesimama kwenye dirisha la stempu. Nilingoja miaka ishirini na minne, kisha nikachagua wiki ambayo ingekugharimu wewe. Kama nilikuwa na haki ya kufanya hivyo, sijui. Niliituma kwanza kabla ya kuandika hii, kwa sababu najijua. Ningeianza hii kwanza, ningekuona unavyofunga begi, ningepata sababu nzuri ya kungoja.

Kuhusu kazi yenyewe nina machache, na mengi unayajua. Watakuambia kioo kipya ni ghali, nao watakuwa wanasema kweli. Kilicho rahisi ni maji, mfuko wa pamba, na kijana aliyefundishwa asipanguse vumbi kavu. Ukilisimamia hilo tu, utawaokolea zaidi ya nilivyowaokolea mimi kwa msasa wangu wote. Na siku yoyote utakayokiona kioo kimechoka, sema kimechoka siku hiyo hiyo, kabla hujakihurumia. Rubani akija kukuambia barabara inacheza, hata akisema kwa mzaha, acha ulichoshika mkononi. Ukifika, tazama sakafu ya karakana, upande wa mlango mkubwa. Sijui kama wamepaka upya. Kama ile alama yangu bado ipo, pima kutoka pale hatua mbili kuelekea mlangoni, mbali na ndege. Huko ndiko ubao unakopaswa kusimama.

Kipande kile nimekitia ndani ya bahasha hii, nimekifunga kwa leso ya mama yako. Kiweke mbele ya mistari ya daftari, simama mbali. Usiniamini kwa maneno.

Nilikuwa nimepanga kukuwekea barua hii katikati ya nguo, uipate ukiwa umeshavuka mpaka. Ndivyo wazazi wengi wanavyofanya, na ningekuwa nimeagana nawe vizuri asubuhi, umenikumbatia, umeniita Baba mbele ya majirani. Nilikuwa nautaka sana ule mkumbatio. Lakini ungekuwa umemkumbatia Okoth. Kwa hiyo ninaiweka juu ya begi, wazi, uione ukiingia.

Nasikia mbwa wa mama mboga anabweka vile anavyobweka akikuona wewe. Nitatoka nje niketi kwenye benchi, nikikupa mgongo ili usione aibu kusoma. Soma polepole. Ukimaliza unaweza kuja kuketi karibu nami, au kuniuliza, au kunipita tu uende kulala kwa rafiki yako. Basi la asubuhi utalipata hata ukitokea huko. Sitageuka mpaka uniite. Utakaponiita, niite kwa jina utakalotaka kuliita, hata kama si Baba. Langu ni hili hapa chini. Mara ya mwisho kuliandika kabla ya Ijumaa ilikuwa kwenye kadi ya kile kioo.

Erisa Obbo